Mimi wa Wakati Ule na Mimi wa Sasa: Kuzielewa Istilahi za Kuandika Kumbukumbu za Maisha

Mtu akisema anataka kuandika "historia ya maisha yangu", mara nyingi bado hajajua kama anaandika tawasifu, kumbukumbu, au barua ndefu kwa wanawe. Maneno yenyewe yanamchanganya. Wasifu ni maisha ya mtu yakiandikwa na mtu mwingine. Tawasifu ni maisha yako ukiyaandika mwenyewe, kwa kawaida tangu kuzaliwa hadi ulipofika. Shaaban Robert aliandika vyote viwili: Wasifu wa Siti binti Saad, kuhusu mwimbaji wa Zanzibar, na Maisha Yangu, kuhusu yeye mwenyewe. Wasifu wa kuombea kazi, ule wenye elimu na namba ya simu, ni kitu kingine kabisa kilichoazima jina.

Kumbukumbu ni kipande cha maisha. Ni miaka mitatu ya kuuza mitumba Makoroboi, Mwanza, ni ugonjwa mmoja, ni nyumba ya bibi kule Ukerewe, ni msimu mmoja wa uvuvi. Miswada mingi hufia hapa, kwa sababu mwandishi ana kipande mkononi lakini anakianza kama tawasifu: "Nilizaliwa tarehe fulani, nikiwa mtoto wa nne kati ya saba." Akishafungua hivyo amemwahidi msomaji maisha yote, na atalazimika kumpitisha kidato cha kwanza hadi cha nne hata kama huko hakuna linalohusiana na anachotaka kusema. Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, amua kipande chako kinaanzia wapi na kinaishia wapi, kwa mwezi na mwaka, uandike mipaka hiyo juu ya karatasi.

Halafu kuna shajara, daftari la tarehe kwa tarehe. Anayeandika shajara Jumanne hajui Jumatano italeta nini. Mwandishi wa kumbukumbu anaijua Jumatano, na anajua hata miaka 20 iliyofuata. Ndiyo maana ndani ya neno "mimi" kwenye kumbukumbu wamo watu wawili: mimi wa wakati ule, aliyekuwa akiishi jambo bila kujua mwisho wake, na mimi wa sasa, anayelisimulia akiujua. Istilahi karibu zote zinazowatatiza waandishi, yaani nafsi ya kwanza, mtazamo, kisengere nyuma, taharuki na kinaya, huanza kueleweka ukiwatenganisha hawa wawili.

Aya moja, mara mbili

Tazama aya hii ya mfano, ya mtu mzima anayekumbuka utoto wake katika mwalo wa Igombe, Mwanza, yaani ufukwe mitumbwi inapotia nanga, miaka ya 1990.

"Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa mjasiriamali wa mazao ya uvuvi. Siku moja mvua kubwa ilinyesha na dagaa wote waliharibika. Mama aliumia sana kwa sababu alipoteza mtaji wa mkopo wa kausha damu. Ukosefu wa vichanja vya kukaushia dagaa ulikuwa changamoto kubwa kwa wanawake."

Hakuna uongo ndani yake, lakini mtoto hayumo. Mtoto wa miaka tisa hajui "mjasiriamali", hajui "changamoto". "Kausha damu" kama jina la mikopo yenye riba kubwa ni msemo wa juzi tu, hauwezi kutoka kinywani mwa mtu wa miaka hiyo. Mimi wa sasa ameingia kwenye tukio kabla halijatokea, akalifafanua, na msomaji hakupata nafasi ya kuona chochote. Sasa tazama aya ile ile ikiachiwa mtoto.

"Alfajiri mama alimwaga dagaa mchangani, akawatandaza kwa fagio la chelewa hadi wakawa kama mkeka. Kazi yangu ilikuwa kufukuza yangeyange. Saa tano hivi upepo ulibadilika na kule ziwani kukawa kweusi. Mama alitazama juu mara moja tu. Akaanza kuzoa kwa mikono, kwa fagio, kwa kanga yake, na mimi nikashika ncha ya turubai ambalo upepo ulikuwa ukiliinua. Halikutosha. Mvua ilipochanganya, mama akaacha kuzoa, akakaa chini. Usiku ule tulikula dagaa, na kesho yake, na kesho kutwa. Nilifurahi, sikumbuki wiki nyingine niliyoshiba vile. Kumbe tulikuwa tunakula mtaji."

Neno "aliumia" limeondoka na maumivu yamebaki, kwa sababu mama ameacha kuzoa na kukaa chini, na furaha ya mtoto inapingana na tunachokiona. Hicho ndicho kinachoitwa mtazamo. Nafsi ni suala la sarufi tu, nani anasema "ni-". Mtazamo ni nani anayeona, na anajua kiasi gani wakati anapoona. Aya zote mbili ziko katika nafsi ya kwanza, ila ni ya pili tu iliyo katika mtazamo wa mtoto.

Viambishi vya wakati ndiyo injini

Kiswahili kimetupa vifaa vya kusimulia ambavyo wengi tunavitumia vizuri tukiongea, kisha tunavisahau tukishika kalamu.

Kiambishi -li- hufungua jambo na kuliweka katika wakati uliopita: "mama alitazama". Baada ya hapo -ka- hulisukuma mbele hatua kwa hatua: "akaanza kuzoa, nikashika ncha". Ukirudia -li- kwenye kila kitenzi ("mama alitazama juu, alianza kuzoa, nilishika turubai, mvua ilinyesha") unapata maelezo ya kituo cha polisi. Kila kitendo kinasimama peke yake, hakizai kinachofuata. Kwa upande wa pili, ukiunganisha -ka- kumi mfululizo msomaji anakimbizwa hadi anapoteza pumzi. Zikifika nne au tano, vunja. Weka sentensi ya hali isiyo na mwendo, kama lile "Halikutosha", kisha anza upya na -li-.

Kiambishi -ki- baada ya "kuwa" hutandika kinachoendelea nyuma ya tukio: "upepo ulikuwa ukiliinua". Hu- na "alikuwa akienda" hubeba mazoea, na hapo ndipo penye tofauti ya onyesho na muhtasari. Onyesho ni jambo lililotokea mara moja, mahali pamoja, msomaji akiliona likitendeka. Muhtasari hubana muda: "Kila Jumamosi mama alikuwa akipeleka dagaa Mwaloni, Kirumba, nami nilikuwa nikimsindikiza." Muhtasari ni wa lazima, la sivyo hutafika mwisho. Lakini rasimu nyingi za mwanzo ni muhtasari mtupu. Bibi alikuwa akitupenda, baba alikuwa akichelewa kurudi, sisi tulikuwa tukicheza kwenye mawe. Kurasa tano zinapita na hakuna kilichotokea. Dawa yake ni kutafuta sentensi moja ya mazoea na kuuliza: ni Jumamosi ipi? Andika "Jumamosi ile" na ubadilishe vitenzi viwe vya -li- na -ka-. Kwa simulizi ya maneno 1,500, maonyesho matatu ya maneno 250 hadi 300 kila moja yanatosha, na kilichobaki kiwe muhtasari unaoyaunganisha.

Wapo wanaopenda kusimulia yaliyopita kwa -na-: "Mama anatazama juu. Anaanza kuzoa." Inaleta ukaribu, lakini ina gharama yake. Wakati uliopo unamfukuza mimi wa sasa, kwa sababu hakuna tena mahali pa kusimama na kutazama nyuma, na sentensi ya "kumbe" inakosa pa kukaa. Itumie kwa onyesho moja kali, si kwa kitabu kizima, na usiruke kutoka -li- kwenda -na- katikati ya aya bila sababu. Msomaji wa Kiswahili huliona hilo mara moja.

Kumbe, laiti, huenda

Maneno haya madogo ni milango ambayo mimi wa sasa huingilia. "Kumbe" ni neno la kugundua baadaye: linawakutanisha wawili wetu katika silabi mbili, na sijui istilahi yoyote ya kifasihi inayofanya kazi hiyo kwa ufupi zaidi. Kwa sababu hiyo lina nguvu, na likirudiwa linachuja. Moja kwa sura nzima, na likae mwishoni mwa onyesho, baada ya mtoto kumaliza kuona. Likitangulia ("Kumbe siku ile tungekula mtaji, lakini nilikuwa sijui") linamnyang'anya msomaji ugunduzi wake.

"Laiti" pamoja na -ngali- hubeba majuto: "laiti ningalimwuliza". Majuto ni ya mimi wa sasa peke yake. Hayawezi kutiwa kichwani mwa mtoto anayefukuza ndege. Na "huenda", "nadhani", "naambiwa", "nikikumbuka vizuri" hutumika pale kumbukumbu inapolegea. Waandishi wengi huyaogopa wakidhani yanapunguza uzito. Kinyume chake, msomaji akikuona ukikiri palipo na ukungu, atakuamini ulipo na hakika.

Kurudi nyuma ndani ya yaliyokwisha kupita

Kisengere nyuma, ambacho wengine hukiita mbinu rejeshi, huchanganya watu kwa sababu nzuri: kama simulizi lote linatazama nyuma, kurudi nyuma ni kupi? Jibu ni kwamba kila simulizi lina "sasa" yake, yaani mstari mkuu wa tukio. Kama mstari wako mkuu ni asubuhi ya mvua Igombe, basi kueleza jinsi mama alivyohamia mwaloni miaka minne kabla ndicho kisengere nyuma. Kinyume chake, kuruka kwenda yatakayotokea, ni kisengere mbele: "turubai lile lingekuja kutufunika sisi wenyewe mwaka uliofuata".

Ili usipotee, gawa karatasi mafungu mawili. Kushoto andika matukio kwa mfuatano yalivyotokea, ukiyapa namba 1, 2, 3. Kulia yapange kwa mfuatano utakaoyasimulia. Kama kulia kunasomeka 4, 1, 5, 2, 6, 3, punguza. Msomaji hawezi kubeba mirejeo mitatu katika kurasa nane. 4, 1, 2, 3, 5, 6 inabebeka.

Rejeo huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuingia mapema, msomaji akiwa hajakaa vizuri kwenye tukio la kwanza. Mwache kwanza aone mahali, mtu na tatizo, walau ukurasa mmoja. Ya pili ni kuingia kwa "nilikumbuka siku ile ambapo..." wakati kitu kingefanya kazi hiyo vizuri zaidi. Mkono ukigusa turubai lenye kiraka, kiraka chenyewe kinaweza kutupeleka siku kilipobandikwa. Ukimaliza, rudi kupitia kiraka hicho hicho, msomaji ajue amefika nyumbani.

Taharuki, yaani hamu ya kujua kitakachofuata, nayo ina sura ya pekee katika kumbukumbu. Msomaji anajua ulinusurika, maana unaandika. Kwa hiyo swali linalomvuta si "atapona?" bali "alipitaje, na alipoteza nini?" Watu wa kanda ya ziwa wanaoandika kuhusu MV Bukoba hukutana na jambo hili kwa uchungu mkubwa. Meli ilizama asubuhi ya Mei 21, 1996, ikiwa imekaribia Mwanza, baada ya kutoka Bukoba na kupitia Kemondo. Hakuna msomaji wa huku asiyejua. Ukijaribu kuficha mwisho ili kumshtua, utaonekana unacheza na misiba ya watu. Unachoweza kufanya ni kuandika tu "jioni ya Mei 20, 1996" na kuendelea na mambo madogo: nani alibeba mkungu wa ndizi, nani aliombwa ashike mtoto, mzigo uliwekwa wapi. Msomaji anajua, watu wa kwenye ukurasa hawajui. Hicho ndicho kinaya cha kweli, na kinadai heshima. Usiongeze neno la kutabiri. "Laiti wangalijua" haihitajiki mahali ambapo tarehe imeshasema yote.

Mandhari ni kazi, si picha ya ukutani

Kumbukumbu nyingi za Mwanza hufunguka kwa Jiwe la Bismarck na jua likizama ziwani. Hiyo ni Mwanza ya mgeni. Aliyekulia kwenye vilima vya jiji hili anayajua mawe kwa magoti: ni pale unapotua ndoo ya lita 20 kubadilisha mkono, ni lile linalochoma nyayo saa nane mchana, ni kivuli ambacho mama ntilie hupanga sufuria zake. Andika mahali kupitia kazi iliyofanyika pale, na mandhari yatajieleza. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945 na ikaja kuchapishwa kwa Kiswahili zaidi ya miaka 30 baadaye, aliijenga nchi yake kwa kuonyesha watu wakilima, wakivua, wakipika na kutibiana. Ni riwaya, si tawasifu, lakini somo la mandhari ni lile lile.

Tamathali za usemi zifuate utaratibu huo huo. Tashbihi ("kama mkeka") na sitiari zichotwe kwenye ulimwengu wa mimi wa wakati ule. Mtoto wa Igombe hafananishi kitu na theluji, na akifanya hivyo tunamsikia mtu mzima aliyesoma vitabu. Tanakali za sauti hutosha moja mahali pake. Taashira, yaani kitu kinachobeba maana zaidi ya umbo lake, haitangazwi. Hujengwa kwa kurudia. Turubai likionekana mara tatu, kwanza halitoshi kufunika dagaa, kisha linafunika familia paa likivuja, mwisho limekunjwa juu ya kabati la mama mzee, hakuna haja ya kueleza linawakilisha nini.

Maneno ya watu waliokwisha nyamaza

Hakuna anayekumbuka mazungumzo ya miaka 25 iliyopita neno kwa neno, na msomaji analijua hilo. Kinachokubalika ni kujenga upya mistari michache kwa namna ambayo mtu yule alikuwa akisema kweli. Weka ndani ya alama za mtajo yale tu ambayo familia huyarudia hadi leo, au sentensi iliyokukaa mwilini. Mengine yatie katika usemi wa taarifa: "Mama alinituma nikamwombe jirani turubai lingine." Mazungumzo ya kurasa mbili yenye majibu yaliyopangwa vizuri huua imani.

Kuna pia suala la lugha. Kama mama alizungumza Kisukuma nyumbani, kumwandika kwa Kiswahili cha gazeti ni kumbadilisha. Huhitaji kuandika kitabu kwa lugha mbili. Acha salamu yake ya asubuhi, "Mwangaluka", ibaki ilivyo, acha neno moja au mawili aliyokuwa nayo yeye tu, na Kiswahili kinachobaki kikipe mpangilio wake: sentensi fupi kama alikuwa mtu wa maneno machache.

Kupima kumbukumbu

Kumbukumbu hukosea tarehe kirahisi kuliko harufu. Zitie nanga kwenye mambo ya umma. Vita ya Kagera ni 1978 na 1979. Uchaguzi wa kwanza baada ya kurudi kwa vyama vingi ni 1995. Mvua za El Nino ni 1997 na 1998. Uliza: siku ile ya turubai, nilikuwa nimeshaanza darasa la tatu? El Nino ilikuwa imeshakuja? Kisha tafuta kadi ya kliniki, cheti cha kumaliza shule, cheti cha ubatizo, maandishi nyuma ya picha.

Vifaa navyo hushuhudia. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, mbalamwezi wakapumzika. Ukiandika mwezi mpevu na mitumbwi ya dagaa imejaa ziwani, mvuvi yeyote atafunga kitabu. Taa zao za miaka ya 1990 zilikuwa karabai, hizi za sola na betri zimekuja baadaye. Safari ya Sengerema ya utotoni ilivuka kwa kivuko cha Kigongo na Busisi, maana daraja la takriban kilomita 3 lililopo sasa lilifunguliwa mwaka 2025.

Ndugu wakikumbuka tofauti, usiamue ugomvi kwa nguvu. Andika: "Dada anasema ilikuwa Jumapili, mimi nakumbuka sare ya shule." Tofauti hiyo ni mali. Ila jambo la siri la mtu aliye hai, kama ugonjwa, deni au ndoa iliyovunjika, mwonyeshe aya yake kabla ya kuichapisha. Kubadilisha jina peke yake hakumfichi mtu katika mtaa ambako kila mtu anamjua fundi cherehani mwenye mguu mmoja.

Peni mbili

Rasimu ikikamilika, iache wiki mbili, kisha ichapishe kwenye karatasi na uisome na peni ya bluu na nyekundu. Pigia mstari wa bluu kila kinachoonwa au kujulikana na mimi wa wakati ule, na mwekundu kila maelezo, hukumu, majuto na ufafanuzi wa mimi wa sasa. Ukurasa wote ukiwa mwekundu, umeandika hotuba. Tafuta pa kuweka onyesho. Ukurasa wote ukiwa bluu kwa kurasa nyingi mfululizo, msomaji anaona mengi na hajui kwa nini anaonyeshwa. Mstari mwekundu katikati ya onyesho la bluu ndio wa kuchunguza kwanza, kwa kuwa mara nyingi ni mtu mzima anayemkatiza mtoto.

Nyekundu ya mwisho wa simulizi ichunguzwe kwa ukali zaidi. Shule zilitufundisha kufunga insha kwa "tangu siku hiyo nilijifunza kwamba", na mkono huandika hivyo wenyewe. Ifunike kwa kidole na usome bila hiyo. Katika aya ya Igombe nyekundu ni mbili: "sikumbuki wiki nyingine niliyoshiba vile" na "Kumbe tulikuwa tunakula mtaji". Ukifunika ya kwanza, furaha ya mtoto bado ipo, ila hatujui kuwa shibe ile haikujirudia. Ukifunika ya pili, wiki inabaki ya sherehe na mama anabaki amekaa mchangani bila sababu. Zote mbili zinabaki. Lakini kama chini yake pameandikwa "ndipo nikajua umaskini ni nini", futa.